Jibu: Kinda la furukombe limetoka kiotani, nimshushe?

Ndugu yangu, tafadhali usimshushe. Unasema kinda huyo wa furukombe (tai mla samaki) wa hapo Pangani anasimama tawini akipiga mbawa bila kuruka, na kwamba mwanzoni uliona wawili.

Huyo wa pili pengine aliuawa na mwenzake. Furukombe hutaga mayai 1 hadi 3, mara nyingi 2, na kuatamia huanza mapema, kwa hiyo baada ya siku 42 hadi 45 makinda huanguliwa kwa kupishana. Aliyetangulia huwa mkubwa. Chakula kikipungua humdonoa mdogo wake na kumnyang'anya samaki, na wazazi hawaingilii. Inauma sana kutazama.

Kinda huanza akiwa na malaika (manyoya laini ya kwanza) tu mwilini, hawezi hata kujipasha joto; mama humfunika na kumchania samaki vipande vidogo. Manyoya halisi yakishaota hujirarulia mwenyewe. Ya mbawa na mkia huchelewa kukomaa, na hapo ndipo alipofika huyo wako: anakaza misuli. Ataruka akiwa na wiki kama 10, kisha wazazi wataendelea kumlisha kwa wiki kadhaa huku akijifunza kuvua.

Hiyo rangi yake ya kahawia isikutie shaka, ni furukombe kweli. Kichwa cheupe kabisa hukamilika akikaribia miaka 5.

Ukimkuta chini, fukuza mbwa, mfunike kitambaa, umweke kwenye tawi la mkoko ulio karibu, halafu ondoka mbali. Ukibaki pale wazazi hawatashuka.