Anko wa Gemu: Normandy tena?

SWALI: Anko habari za huko, mimi kijana wako wa Arua. Nishachoka na hizi gemu za vita vya pili vya dunia. Kila mara ni Normandy, ule ufuko wa Ufaransa, mashua inafunguka, wenzako wanafyekwa na rashasha, unakimbilia ukuta, mwisho bendera inapanda. Juzi mwenye kibanda kaleta diski ati mpya, kuweka kwenye tivi, ufuko ule ule! Hao watu hawana vita vingine ama ni mimi nimezeeka?

JIBU: Hujazeeka mwanangu, umecheza sana tu. Medal of Honor ilianza 1999, ile ya Allied Assault ikatupeleka Omaha, ufuko mmoja wa huko huko Normandy, 2002, mwaka huo huo Battlefield 1942, 2003 ikaja Call of Duty, na wengi walioitengeneza hiyo ndo hao hao waliotoka kutengeneza Allied Assault, kwa hiyo ukiona zinafanana macho yako hayana shida. Watu walichoka kitambo. 2007 Call of Duty ikahamia Modern Warfare, tukashangilia, alafu kila mtu akaifuata huko mpaka nako kukachosha, wakatupeleka mpaka angani, tukachoka na anga pia, 2017 tukarudishwa Normandy. Mi nilicheka.

Wanarudi kwa sababu adui wa vita hivyo hana wakili. Mpige Mnazi mpaka asubuhi, hakuna ubalozi utaandika barua. Alafu wanunuzi wengi wako Marekani na Ulaya, na babu zao ndo walikuwa kwenye hizo mashua, sasa unategemea nini.

Ila mi naona uzee wa vita sio tatizo, tatizo ni kuvitazama toka dirisha moja tu. Hivyo hivyo vita vya pili, wazee wetu wa King's African Rifles, jeshi la Muingereza la Afrika Mashariki, Waganda wakiwemo, 1944 walikuwa Burma wanamfukuza Mjapani bonde la Kabaw, mvua, matope, malaria. Gemu iko wapi? Na vile vya kwanza ndo usiseme kabisa! Tanga, Novemba 1914, Muingereza kashusha maelfu ya askari toka India akapigwa na kikosi kidogo cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, na nyuki nao wakatoka wakaingia kazini. Meli ya Wajerumani, Königsberg, ikajificha delta ya Rufiji, ilipomalizwa 1915 wakang'oa mizinga yake wakaiburuta nchi kavu wakaendelea kupigana nayo. 1917 zepelini L59, lile puto kubwa la Wajerumani lenye injini, ikatoka Bulgaria imejaa dawa na risasi za huyo huyo Lettow, ikafika juu ya Sudan ikaambiwa geuza, yani kaskazini yenu huko, ila mbali, watu wa Arua. Battlefield 1 ya 2016 iliweka zepelini, ikaweka na Lawrence, yule ofisa Muingereza wa Arabuni, na jangwa lake, huku kwetu haikukanyaga.

Japo nina wasiwasi wangu. Vita vya huku vilibebwa kichwani na wapagazi, na wengi wao waliuawa na njaa na magonjwa kuliko risasi. Studio ikija leo itakupa bunduki, mpagazi atakuwa pambo la nyuma, na hiyo sijui kama nitaifurahia.

Kwa sasa mwambie mwenye kibanda atafute Isonzo ya 2022, Muitaliano na Muaustria wanagombania milima, inaingia PlayStation. Kama kuna kompyuta nzuri, Rising Storm 2: Vietnam. Utakufa sana mwanzoni, vumilia.

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, ananiambia kwenye Battlefield anajifunza historia. Nimwamini? Mama, Jinja.

JIBU: Mama, majina ya bunduki atayajua yote, hapo hadanganyi. Lakini ile ya V, ya 2018, kule Norway kazi ya kuharibu maji mazito ya Wajerumani, yale ya utafiti wa nyuklia, wamempa msichana na mamake, wakati 1943 ilifanywa na makomando wanaume wa Norway. Kama stori ni tamu, kama somo mtihani atafeli. Na kwa Ulaya hizo wameziandikia miaka 16 au 18, inategemea ni ipi, geuza kasha utaona namba yenyewe, mpe ya mpira kwanza.