Hamna mtu mama, nimeleta viti tu

Swali lenu la wiki hii ni "watu mtaani wanakuonaje kwa sababu ya kazi yako?" nikacheka peke yangu, maana mimi mtaani siangaliwi, nakwepwa. Nafanya kazi ya mazishi: kuchukua mwili, kuuandaa, makaratasi, jeneza, gari, kaburi, na mji wetu ni mdogo kiasi kwamba simu ikilia usiku wa manane mara nyingi nishajua ni ya nani kabla mtu hajaongea.

Nikibisha hodi kwa watu wanaanza kuhesabiana. Juzi tu nimepita kurudisha viti tulivyoazima kwa mkutano wa wazazi wa shule, mama mmoja kafungua mlango, salamu hakuna, kashika kifua kaniuliza "nani?" Nikamwambia hamna mtu mama, nimeleta viti tu. Akakaa kwenye kimojawapo palepale mlangoni.

Sasa kuna wanaosema najitolea kila mahali ili nipate wateja. Jamani, wateja wa kazi hii hawahitaji kutafutwa. Nilianza kujitolea kwa sababu nilichoka kukutana na majirani siku moja tu katika maisha yao, tena siku ambayo hawasikii unachosema. Ndo nikaingia kamati ya shule, nikaingia kikundi cha uchangiaji damu, na Jumamosi nafundisha huduma ya kwanza. Ndiyo, mzika watu anafundisha kufufua watu, utani wote mnaoufikiria nishausikia. Kuna siku mtu alizimia kwenye mkutano, nikamlaza, nikamwinua miguu, kufungua macho anakuta uso wangu juu yake akapiga kelele "bado! bado!" watu wakavunjika mbavu na yeye mwenyewe akacheka baadaye, ila hadi leo akiniona anavuka barabara.

Watu huniuliza sana kuhusu maiti, wananong'ona kama vile anasikia. Eti nywele na kucha zinaendelea kuota? Haziendelei, ngozi inakauka na kurudi nyuma ndo kucha zinaonekana ndefu. Eti mwili ukikakamaa mnavunja mifupa? Hatuvunji chochote. Ukakamavu unaanza saa chache baada ya kifo, kwenye kope na taya kwanza, zikipita kama saa 12 tangu kifo mwili mzima umeshika, halafu ndani ya siku moja mbili hivi unaachia wenyewe, na ukitaka kuvalisha kabla hujaachia unakunja kiungo taratibu na kukikanda hadi kilegee, ni kazi ya subira kuliko nguvu. Formalini, ile dawa ya kuhifadhia mwili usioze, ndo ya kuogopa, na anayepaswa kuiogopa ni mimi, kwa sababu tangu 2004 kemikali iliyomo ndani yake imewekwa rasmi kwenye orodha ya zinazosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo glavu, barakoa, madirisha wazi na feni, hata kama mwenzangu ananiona najidekeza.

Lakini kinachonichosha kuliko vyote ni vitu vidogo. Alifariki mwalimu wangu wa hesabu, yule aliyenichapa kwa sababu ya sehemu, nikasema huyu namwandaa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaomba familia picha wakaniletea, nikamnyoa, nikamchana nikamwekea njia ya nywele kushoto kama kwenye picha. Mkewe akaingia akasimama pale muda mrefu hasemi kitu, mimi najisifu moyoni, kumbe. Akafungua pochi, akatoa kitana, akamchana upya njia ikaenda kulia, polepole, akamalizia kwa kulamba kidole na kulaza nywele moja iliyokuwa imesimama. Picha ilikuwa selfi! Simu ilikuwa imemgeuza kushoto kulia na mimi mtaalamu wa miaka yote hiyo sikushtuka, wakati darasani nilimtazama kichwa kile miaka minne. Siku hizi naomba picha mbili na nauliza ilipigwa na nani.

Kujitolea nako kuna siku kunageuka kuwa kazi ileile. Mto ulipofurika tukaanza kupata miili, kamati ya maafa ikataka shimo moja na haraka, wanaogopa kipindupindu. Nilibishana hadi sauti ikakauka. Waliokufa kwa maji au kwa kuangukiwa na nyumba hawaleti mlipuko wa magonjwa, WHO na Msalaba Mwekundu wameandika hivyo miaka na miaka, kinachoua waliobaki ni maji machafu ya kunywa. Ila mwili ukizikwa bila namba, bila picha, bila kuandika nguo alizovaa, kuna mtu atakaa anasubiri mlango ufunguliwe maisha yake yote. Tukaweka namba kila mmoja. Siku ile hakuna aliyenikwepa, walinifuata wao.

Kwa hiyo wananionaje? Inategemea nimeshika nini mkononi.

Yule mjane wa mwalimu sasa anakuja darasa la Jumamosi. Sikumwita. Mara ya kwanza alipiga magoti mbele ya mdoli wa mazoezi na pochi yake begani, nikamwonyesha mikono iwe katikati ya kifua, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, uache kifua kirudi juu kabla hujasukuma tena. Wengi wanaogopa kukandamiza, yeye haogopi, na anahesabu kwa sauti kama yuko ubaoni. Wiki iliyopita kafika 30 nikamkumbusha sasa pumzi mbili, hata hakugeuka, kanijibu "najua, sogea pembeni unanizibia mwanga."