Mkuu, usilishe sato (tilapia) saa kumi na mbili asubuhi huku Mafinga kwenye baridi

Hiyo ratiba ya kulisha samaki uliyoiweka hapa ifute leo. Eti utamwaga chakula saa kumi na mbili asubuhi kabla hujafungua duka, halafu saa mbili usiku ukishafunga, na Jumapili ulishe mara tano kufidia. Kufidia nini? Samaki hana daftari la madeni.

Maswali yako ya turubai la bwawa, idadi ya vifaranga na chakula gani ununue yasubiri. Kwanza hili la saa, maana ndilo lililonifilisi.

Bwawa langu liko Mufindi hukuhuku, sato watupu. Aliyeniuzia vifaranga na chakula alinipa na karatasi ya ratiba: alfajiri, mchana, jioni, "washibe muda wote wakue haraka". Karatasi hiyohiyo anawapa watu wa pwani. Hakuuliza bwawa liko wapi wala maji yana nyuzi ngapi. Angeulizaje, wakati anauza kwa mfuko? Mimi nikimwaga, anayeshiba ni yeye.

Kipupwe kikaingia. Mwezi wa saba, alfajiri, ukungu umelala juu ya maji, mimi na koti langu namwaga punje za kuelea. Haji hata mmoja. Upepo unazisukuma mpaka kona ya bomba la kutolea maji, zinavimba, zinazama. Nikampigia "mtaalamu" wangu, akasema chakula hakijawavutia, niongeze chenye dagaa wengi. Nikanunua, nikaongeza. Cheka tu, na mke wako muite acheke.

Nilipokuja kuazima kipimajoto, alfajiri kilisoma nyuzi 16, saa tisa alasiri nyuzi 21. Sato anataka maji ya nyuzi 26 mpaka 30. Chini ya 20 hamu inashuka na kukua kunadorora, yakikaribia 16 anakaribia kuacha kula kabisa. Joto la mwili wake ndilo joto la maji. Yakipoa, na tumbo linasaga polepole, kwa hiyo cha jana jioni bado kimo ndani wewe unampelekea kingine.

Sasa kile wasichokula kikaozea chini. Ukikanyaga tope linapanda harufu ya yai viza. Maji yakawa kijani, ukizamisha mkono vidole vinapotea kabla maji hayajafika kiwiko. Ule ukijani, yaani mwani, mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta. Tope linavuta, samaki wanavuta, na kunapokaribia kucha ndipo oksijeni inakuwa chini kuliko saa zote. Saa hiyohiyo ndiyo niliyokuwa nawapelekea chakula, na samaki akianza kusaga chakula anahitaji oksijeni zaidi! Asubuhi moja nikawakuta midomo nje wanahema. Jua lilipoondoa ukungu, wengi wamelala chali, na waliokuwa wameshafikia kukaangwa ndio walioongoza. Jirani akaniuliza kama nimewanywesha pombe ya ulanzi. Nikacheka naye, ningefanyaje. Mwenye karatasi yake? Simu haikupokelewa tena.

Na usidhani ni baridi tu, hata kuhamahama saa kunakula hela. Ukilisha saa ileile kila siku, wataanza kukusanyika upande wako hata kabla hujafika. Tumboni nako maandalizi yanakuwa yameanza: imeshapimwa kwa samaki wa kufugwa kwamba wakizoea saa, vimeng'enya vya kusaga chakula hupanda kabla mlo haujafika. Leo ukimpa asubuhi, kesho usiku, keshokutwa umesahau, chakula kinamkuta hajajiandaa. Halafu sato ana tumbo dogo na utumbo mrefu, ni wa kudonoa kidogo kidogo mchana. Hiyo shehena yako ya Jumapili nyingine itapita bila kusagwa vizuri, nyingine itaishia kwenye tope.

Kwa hiyo: SAA ILEILE, JUA LIKIWA LIMESHAPASHA MAJI. Mimi sasa ni saa nne na nusu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, Jumapili, msibani, Krismasi. Wewe uko dukani, basi mlipe kijana wa jirani, au lisha mara moja saa nane mchana, lakini iwe saa nane kila siku ya Mungu. Vifaranga wadogo wanataka mara nyingi zaidi, ila nao jua liwepo. Namwaga kiganja kwanza natazama. Wakikimbilia naongeza, wakizubaa nafunga mfuko. Wiki za baridi kali kuna siku sifungui kabisa, na hajafa mtu.

Huyo mchangiaji wa juu anayesema samaki wake wananenepa akilisha usiku, soma vizuri: anafuga kambale. Kambale ni wa usiku, sato ni wa mchana. Usichanganye.

Na usinunue hata mfuko mmoja kabla ya kipimajoto. Pima saa kumi na mbili asubuhi, saa nne na saa tisa, wiki nzima, kina kilekile, uweke namba hapa. Akitokea mtu wa kukupa ratiba kabla hajaziona hizo namba, muulize kwanza anauza nini.