Kilomita 18 za mlimani kwa mara ya kwanza?

Ndugu, umeuliza kama mtu anayekimbia kilomita 10 za lami bila shida anaweza kuanza na ile njia ya hifadhini ya kilomita 18, yenye kupanda mita 1,200. Mimi nasema bado. Kwa hesabu ya harakaharaka, kila mita 100 za kupanda ni sawa na kilomita 1 ya tambarare, kwa hiyo hapo una kama 30! Tafuta ya kilomita 8 hivi, inayozunguka na kukurudisha getini. Mlima ukikaza, tembea tu, hakuna aibu. Kazi iko kwenye kushuka: hatua fupifupi, macho mita chache mbele, la sivyo kesho yake utashuka ngazi kinyumenyume. Na koti jepesi usiache. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua takriban nyuzi 6.