Alinyongwa kwa kupigwa risasi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri habari za nje kwa ajili ya redio ndogo hapa Morogoro. Niliandika kwamba mfungwa wa Marekani, Brad Sigmon, "alinyongwa kwa kupigwa risasi", na kwamba mmoja wa wapigaji alipewa "risasi tupu" ili asijulikane aliyeua. Mhariri alicheka sentensi yote. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umekosea mara tatu, na kosa moja si la lugha, kwa hiyo nilitoe njiani kwanza. Sigmon aliuawa South Carolina tarehe 7 Machi 2025 na wapigaji watatu waliokuwa kiasi cha futi 15 kutoka alipokaa, na bunduki zote tatu zilikuwa na risasi za moto. Desturi unayoitaja ni ya jimbo la Utah. Ronnie Lee Gardner alipouawa huko Juni 2010, wapigaji walikuwa watano na bunduki moja kati ya hizo haikuwa na risasi ya kuua. Umechanganya majimbo.

Sasa "kunyonga". Asili yake ni kusokota na kukaza, ndiyo maana tunanyonga baiskeli kwa miguu na kuku aliyenyongwa shingo ni kibudu. Hata methali imeweka mpaka: mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Lakini Tanzania na Kenya tulirithi kwa Mwingereza adhabu ya kifo pamoja na kitanzi chake, jaji akawa anasema "utanyongwa hadi kufa", na neno likavimba hadi likameza kila adhabu ya kifo duniani. Nimesoma "alinyongwa kwa sindano ya sumu". Nimesoma pia "alinyongwa kwa kukatwa kichwa", nikabaki najiuliza kitanzi kilishika nini.

Wala usidhani ni mambo ya mbali. Rwanda tarehe 24 Aprili 1998 iliwaua hadharani watu 22 waliotiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, na Uganda mwaka 2002 iliwaua wanajeshi wake wawili kule Kotido. Wote kwa risasi, kitanzi hakikuwapo. Andika "aliuawa kwa kupigwa risasi", na ukitaka msikilizaji ajue kuwa ni hukumu ya mahakama, "alitekelezewa adhabu ya kifo kwa kupigwa risasi". Wapigaji wenyewe waite "kikosi cha wapiga risasi". "Kikosi cha mauaji" waachie wale wanaoteka watu usiku.

Kwenye "risasi tupu" ndipo patamu. Kivumishi "-tupu" kina sura mbili. Nyumba tupu haina kitu ndani, lakini ukisema umekula wali mtupu, sahani ilikuwa na wali, ila mboga ndiyo haikuwapo. Kwa hiyo "kule kulikuwa na risasi tupu" mwenzako anaweza kusikia kwamba zilimiminika risasi na hakuna kingine. Maana imegeuka kichwa chini miguu juu. "Risasi bandia" nayo inanukia duka la vitu vya watoto. Na "risasi hewa", ambayo nimewahi kupendekezewa, katika Tanzania ya wafanyakazi hewa ingemaanisha risasi zilizonunuliwa kwenye karatasi tu, fedha zikaliwa.

Tumia "risasi baridi". Kwa kuwa tayari tunasema "risasi za moto", kama chai ya moto, mwenzake wa baridi anaeleweka bila maelezo. Haina jipya, lakini imekaa mdomoni.

Ukiishika mkononi utaona kwa nini neno linasumbua. Kuna ganda la shaba, kuna baruti ndani, na kitako cha kugongwa kipo. Kinachokosekana ni kile kichwa cha mbele, na mdomo wa ganda umekunjwa kama karatasi ya karanga. Mlio unatoka, moshi unatoka, na hakuna kinachokwenda kumpata mtu. "Risasi" kwa Kiarabu ni madini yale mazito ya kijivu (ndiyo hiyo kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hakuna risasi hata chembe). Kwa hiyo risasi baridi ni risasi isiyo na risasi.

Ila ningekuwa mhariri wako, kalamu yangu nyekundu ingesimama zaidi kwenye vitenzi. Kiswahili kinatofautisha "kufyatua" na "kumpiga". Kufyatua kunaishia kwenye kidole na bunduki: mtego hufyatuka hata panya akiwa ameshakimbia. Kumpiga mtu risasi ni mpaka imfikie mwilini. Ukiandika "watu watano walimpiga risasi Gardner", umesema uongo wa kisarufi, maana watano walifyatua, lakini waliompiga hawakuweza kuzidi wanne. Desturi yote ya Utah imejibanza katikati ya vitenzi hivyo viwili: kila mmoja arudi nyumbani akiwa na hakika kwamba alifyatua, lakini asiwe na hakika kwamba alipiga.

Mimi siamini sana kwamba inawadanganya. Risasi ya moto inapotoka mbele, bunduki hurudi nyuma na kulisukuma bega. Ya baridi haina uzito wa kutupa mbele, basi msukumo wake ni hafifu, na mtu aliyezoea bunduki bega lake humwambia. Lakini hilo ni la wao na mabega yao.

Kwako wewe, kauli ya kutendwa inaficha kila kitu, na redioni mara nyingi ndiyo inayofaa: "alipigwa risasi" haisemi na nani wala wangapi. Ukitaka kuieleza desturi yenyewe, sentensi yako ya Utah ingekuwa hivi: "Wapigaji watano walifyatua kwa mkupuo mmoja, bunduki moja ikiwa na risasi baridi, na mfungwa akafa." Ya South Carolina ni fupi zaidi: "Wapigaji watatu walimpiga risasi, akafa." Hapo "walimpiga" ni halali yao.