Alikunywa usiku, akapimwa asubuhi: namna sheria inavyohesabu pombe na adhabu zinazofuata

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba shemeji yako alisimamishwa asubuhi akiwa njiani kwenda kazini, akapuliza kipimo, na kipimo kikaonyesha pombe iliyozidi kiwango, ilhali aliacha kunywa tangu usiku na akalala. Umeuliza kama hilo kweli ni kosa, kama ingekuwa heri angekataa kupuliza, na adhabu yake itakuwaje. Kwa kuwa hukutaja nchi, na waliotangulia kukujibu kila mmoja anaapa kwa sheria ya kwao, nitaeleza misingi inayofanana karibu kila mahali, na nitataja nchi pale ambapo sheria yake inaonyesha jambo fulani waziwazi. Ninayoandika nimeyapata upande wa maabara: kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima pombe katika damu za madereva na kwenda mahakamani kueleza namba zilizotoka, kwa hiyo utetezi wa aina ya shemeji yako nimeusikia ukitolewa mara nyingi, na mara nyingi ukitolewa na watu wakweli.

Ukweli wao, hata hivyo, hauwasaidii. Katika nchi nyingi kuna makosa mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuendesha gari ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu, na hilo huthibitishwa kwa dalili: gari lilivyoyumba, maneno yalivyotoka, mtu alivyosimama. La pili ni kuendesha ukiwa na pombe mwilini iliyozidi kiwango kilichoandikwa, na hapo mwendesha mashtaka hahitaji kuthibitisha kwamba mtu alikuwa amelewa. Anahitaji namba na ushahidi kwamba mtu huyo ndiye aliyeshika usukani. Norwe ndiyo iliyotangulia kuweka namba ya namna hiyo katika sheria, mwaka 1936, na nchi nyingine zikafuata kwa sababu ushahidi wa dalili ulikuwa ukibishaniwa bila mwisho. Kwa hiyo maneno "sikuwa nimelewa" hujibu shtaka la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyo. Nitaongeza kwamba mtu aliyezoea kunywa ndiye anayedanganyika zaidi na hisia zake, kwa sababu ubongo wake umejifunza kuficha dalili, lakini damu yake haijajifunza chochote.

Namba yenyewe hutofautiana. England na Kanada mpaka ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na ndivyo ilivyo katika majimbo ya Marekani isipokuwa Utah, ambayo ilishusha hadi 50 tangu tarehe 30 Desemba 2018. Scotland ilishusha kutoka 80 hadi 50 mwezi Desemba 2014, na nchi nyingi za Ulaya ziko hapo hapo. Uswidi na Norwe ziko kwenye 20, na Hungaria na Jamhuri ya Cheki haziruhusu kiasi chochote. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isizidi 50 kwa madereva wote na 20 kwa madereva wapya. Mahali pengi dereva wa lori, wa abiria, au aliyepata leseni karibuni huwekewa mpaka wa chini zaidi. Marekani, kwa mfano, dereva wa gari kubwa la biashara hubanwa kwenye 40. Ikiwa shemeji yako huendesha kwa ajira, hilo ni la kuuliza kabla ya lingine lolote, kwa sababu huenda kiwango mnachobishana nacho si chake.

Sasa tuje kwenye usingizi, ambao ndio kiini cha kesi hii. Mwili huondoa pombe kwa mwendo unaokaribia kuwa wa kudumu, na kazi hiyo hufanywa na ini kwa sehemu kubwa sana. Kwa watu wengi mwendo huo ni kati ya miligramu 10 na 20 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na mahakamani tulizoea kutumia 15 kama wastani. Kahawa, maji baridi, kutoka jasho na hata kulala havibadilishi mwendo huo kwa kiasi cha kutegemewa. Usingizi husaidia tu kwa kuwa saa zinapita wakati umelala. Hebu tumchukue mtu aliyemaliza kunywa na ambaye saa sita usiku damu yake imefikia 150, kiasi ambacho mnywaji wa kawaida hukifikia katika sherehe bila kuanguka wala kugombana na mtu. Kwa kupungua 15 kila saa, saa kumi na mbili asubuhi atakuwa amebakiwa na 60. Kwa dakika hiyo hiyo, mtu huyo huyo hana kosa la kiwango England, ana kosa Scotland, na Uswidi angelazimika kusubiri hadi saa mbili na dakika arobaini ndipo ashuke kwenye 20. Akiwa ni mtu ambaye mwili wake huondoa 10 tu kwa saa, saa kumi na mbili bado ana 90 na kila moja kati ya nchi hizo ingemshtaki. Hakuna mtu anayejua kwa kujihisi kama yeye ni wa 10 au wa 20.

Hesabu hii msingi wake uliwekwa na Mswidi Erik Widmark, ambaye mwaka 1932 alichapisha kanuni inayohusisha kiasi cha pombe, uzito wa mwili na jinsia. Nimeona watu wakiitumia kinyume: wanahesabu vinywaji, wanagawa kwa uzito, kisha wanajipa ruhusa ya kuondoka. Mahakamani kanuni hiyo huandamana na ukingo wa makosa wa juu na wa chini, na wanaojihesabia nyumbani huchagua daima ule ukingo unaowapendeza. Isitoshe, pombe huchukua muda kuingia katika damu, kwa kawaida nusu saa hadi saa moja na nusu, na zaidi kama mtu ameshiba, kwa hiyo anayeondoka mara baada ya kumaliza kinywaji cha mwisho huenda namba yake bado inapanda akiwa barabarani. Zamani mawakili waliitumia hoja hiyo vizuri: mteja wangu alipopimwa kituoni alikuwa juu ya kiwango, lakini alipokuwa akiendesha alikuwa bado chini. Kanada iliufunga mlango huo tarehe 18 Desemba 2018 kwa kuandika kosa upya, kwamba ni kuwa na 80 au zaidi ndani ya saa mbili tangu ulipoacha kuendesha. Uingereza nayo hudhani kwamba kiasi wakati wa kuendesha hakikuwa chini ya kile kilichopimwa, na anayedai alikunywa baada ya kuegesha ndiye anayetakiwa kuthibitisha.

Kuhusu kukataa kupuliza, mchangiaji mmoja ameandika kwamba bila namba hakuna kesi. Ushauri huo umewagharimu watu wengi. Sheria nyingi zimekifanya kitendo cha kukataa bila sababu ya msingi kuwa kosa lenyewe, na zimehakikisha kwamba hakimpi mtu nafuu. Uingereza, anayekataa kutoa pumzi au damu ya ushahidi baada ya kuendesha hukabiliwa na adhabu zile zile za aliyezidi kiwango. Kanada imekwenda mbali zaidi: faini ya chini kabisa ya kosa la kwanza la kuzidi kiwango ni dola 1,000 za huko, lakini kwa aliyekataa kipimo ni dola 2,000. Katika majimbo mengi ya Marekani, kupokea leseni huhesabiwa kuwa umekubali kupimwa, na anayekataa huondolewa leseni kwa njia ya kiutawala hata kama baadaye mahakama haikumtia hatiani kwa ulevi. Upo mpaka, nao unafaa kujulikana: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2016 kwamba pumzi inaweza kupimwa bila hati ya mahakama mtu anapokamatwa kihalali, lakini damu kwa kawaida inahitaji hati, kwa kuwa kumchoma mtu sindano ni kuingilia mwili wake zaidi. Tofauti hiyo naiona ya haki. Lakini haimsaidii aliyeombwa kupuliza tu.

Kwa ufupi nijibu na suala la kulala ndani ya gari lililoegeshwa, lililozushwa katikati ya mjadala. Nchi nyingi huadhibu pia kuwa na mamlaka juu ya gari, hata kama halikusogea. Uingereza mtu anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba hapakuwa na uwezekano wa yeye kuendesha akiwa bado amezidi kiwango, na mahali alipokaa na ufunguo ulipokuwa ni mambo yanayoangaliwa. Kukaa kiti cha dereva huku injini inaunguruma kwa ajili ya joto ni utetezi dhaifu.

Sasa adhabu. Wengi huuliza faini, na faini kwa maoni yangu ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. England, kosa la kuzidi kiwango huweza kuleta kifungo cha hadi miezi 6 na faini isiyo na ukomo, lakini kinachowaumiza watu ni kufungiwa kuendesha kwa angalau miezi 12, ambako hakimu hana uhuru wa kukusamehe ila kwa sababu maalumu, na kwa anayerudia ndani ya miaka 10 muda huo huwa angalau miaka 3. Ujerumani hupanda kwa ngazi: aliyefikia promili 0.5 (kipimo cha huko, karibu sawa na 50 ya hesabu yetu ya juu) bila kuonyesha hitilafu yoyote hutozwa euro 500, huwekewa alama 2 za makosa katika rekodi yake ya udereva na hufungiwa mwezi mmoja. Kuanzia promili 1.1 jambo hugeuka jinai. Na kuanzia 1.6 hurudishiwi leseni mpaka upite tathmini ya kitabibu na kisaikolojia, ambayo watu huiogopa kuliko hakimu. Ufini hukokotoa faini kwa idadi ya siku, na thamani ya kila siku hutegemea kipato cha mkosaji, utaratibu uliopo tangu 1921, ili tajiri asiichukulie kama nauli. Japani huwaadhibu hata waliompa dereva pombe, waliompa gari, na abiria aliyeomba apelekwe akijua dereva amekunywa. Mtu akifa, hesabu zote hubadilika: Uingereza iliongeza adhabu ya juu ya kusababisha kifo kwa kuendesha ukiwa umelewa kutoka miaka 14 hadi kifungo cha maisha mwezi Juni 2022.

Yapo pia yasiyotajwa katika hukumu. Kampuni ya bima mahali pengi itamlipa mtu wa tatu aliyeumia, kisha itamgeukia dereva imdai fedha hizo, na gari lake mwenyewe halitalipwa. Ajira inayohitaji leseni huisha siku leseni inapoondoka. Kwa mgeni, tatizo huingia hadi katika uhamiaji: Kanada ilipopandisha adhabu ya juu ya kosa hili hadi miaka 10 mwaka 2018, ililiingiza katika kundi la makosa mazito, na mtu asiye raia anaweza kuzuiwa kuingia au kupoteza ukaazi kwa hukumu ambayo kwa mwenyeji ingekuwa ni faini na aibu.

Nikiwa upande wa waliotoa namba, nadhani ninao wajibu wa kusema pia namba hizo hukosewa wapi. Kipimo cha pumzi hukadiria pombe ya damu kwa uwiano, na pombe iliyobaki kinywani kutokana na dawa ya kusukutua au kucheua huweza kukipotosha, ndiyo maana utaratibu mzuri hutaka mtu aangaliwe dakika 15 hivi bila kutia kitu mdomoni kabla ya kipimo cha ushahidi. Damu inatakiwa kutolewa kwa ngozi iliyosafishwa kwa dawa isiyo na pombe, na kuhifadhiwa katika kichupa chenye floridi ya sodiamu inayozuia vijidudu kutengeneza au kula pombe ndani ya sampuli. Hospitali hupima mara nyingi majimaji ya damu baada ya kuondoa chembe, na namba yake huwa juu kuliko ya damu nzima kwa asilimia 10 hadi 20. Nimeshuhudia kesi ambapo namba ya hospitali ilitumika kana kwamba ni ya damu nzima, na mshtakiwa alikuwa karibu sana na mpaka kiasi kwamba tofauti hiyo ilitosha kumtoa.

Kwa hiyo shemeji yako aanze kwa kumpa wakili mambo manne: saa kamili aliposimamishwa na saa alipopimwa, aina ya kipimo na namba zote mbili kama kilirudiwa, cheti kinachoonyesha lini kifaa kilihakikiwa, na kama ilichukuliwa damu, aulize haki yake ya kupewa sehemu ya sampuli ili ikapimwe kwingine, ambayo ina muda wake. Akiwa amezidi kwa kiasi kikubwa, sioni maneno ya usingizi yakimtoa, na ni heri wakili atumie nguvu kuomba muda mfupi wa kufungiwa. Uingereza, kwa mfano, anayekamilisha mafunzo yaliyokubaliwa na mahakama huweza kupunguziwa hadi robo ya muda huo. Na ikiwa leseni imezuiwa tayari, asiendeshe hata kulisogeza gari mbele ya nyumba kwenye barabara ya umma, kwa sababu kuendesha wakati wa zuio ni kosa jingine lenye kifungo chake, na kwa hilo hakuna kipimo cha kubishaniwa.