Protini kwenye karatasi ya chujio: mbona zinaacha mkia tu?

Swali: Habari mtaalamu. Hatuna mashine ya jeli ya kutenganisha protini kwa umeme, nikakata kipande cha karatasi ya chujio sentimita 10, nikakilowesha bafa (maji ya chumvi yanayotunza pH) nikaunga betri kumi za volti 9 mfululizo. Sampuli ni albumini na hemoglobini, protini mbili za damu. Baada ya saa moja katikati pamekauka, nimepata mchirizi tu. Kwani karatasi haitenganishi kwa ukubwa?

Jibu: Kwa ukubwa haiwezi, wala usihangaike. Matundu ya karatasi ya chujio aina ya Whatman namba 1 ni maikromita 11 hivi na protini ni nanomita chache tu, ni sawa na kuchekecha mchanga kwa wavu wa goli. Hapo kinachofanya kazi ni chaji ya umeme ya protini, na kiukweli sampuli umechagua vizuri sana maana hizo mbili uzito wake karibu sawa, kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 66 na 64 hivi, ila albumini chaji yake inafika sifuri kwenye pH 4.7 hivi na hemoglobini karibu na 7, kwa hiyo ukitumia bafa ya pH 8.6 zote zinakuwa hasi, zinakimbilia elektrodi chanya na albumini inatangulia.

Shida yako kubwa ni kukauka. Bafa ikiwa nzito mkondo wa umeme unakuwa mkubwa, karatasi inapata joto, maji yanaruka, afu bafa inavutwa kutoka pande zote mbili kuja katikati na kukusanya protini zako hapohapo! Ibane karatasi kati ya vioo viwili, bafa ishushe iwe kama 0.05 M (moli kwa lita), na vyombo viwili vya bafa viwe na kimo kilekile, la sivyo inatiririka upande mmoja. Betri chomoa kabla hujagusa chochote, volti 90 na mkono uliolowa si mchezo.

Mkia wa albumini huo ni ugomvi wa zamani, selulosi ya karatasi inaing'ang'ania, ndo maana mtafiti Kohn alipoleta utando wa selulosi asetati badala ya karatasi mwaka 1957 maabara za hospitali zikahamia huko. We weka maikrolita moja tu, uichore kama mstari mwembamba, sio tone, ikae karibu zaidi na upande hasi. Saa moja nayo haitoshi, acha tatu au nne.

Hemoglobini utaiona yenyewe nyekundu, albumini mpaka upake Ponceau S, rangi inayoshika protini. Na ukikuta hemoglobini imesogea kidogo sana au hata imerudi nyuma usishtuke, karatasi nayo ina chaji hasi kwa hiyo maji yanatembea kuelekea upande hasi, yanaibeba.